Ndimu ya mlangoni: namna ya kuzungumza na jirani Mhindu mpaka mkaelewana

Katika jengo moja tulilopanga Upanga, Dar es Salaam, ugomvi mkubwa wa dini niliowahi kuushuhudia ulianza na ndimu moja na pilipili saba. Zilitungwa kwenye uzi na kuning'inizwa juu ya mlango wa familia ya Kihindu ya ghorofa ya pili. Kila Jumamosi waliweka mpya, na ile iliyonyauka wakaitupa chini, pale ngazi inapokutana na njia ya geti la nyuma. Kwa macho ya wapangaji wengine, pale ni njia panda. Mama mmoja mjamzito akaikanyaga asubuhi akienda kliniki. Kufika magharibi, jengo zima linasema Wahindi wanaloga.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wapangaji, kazi ambayo hakuna aliyeitaka, na mjumbe wa nyumba kumi akanitupia kesi. Niliiharibu kwanza, kisha ikatengenea. Haya ninayoandika yametokana na kesi ile na nyingine zilizofuata. Yanamfaa Mwislamu au Mkristo mwenye jirani Mhindu, na yanamfaa Mhindu mwenyewe aliyechoka kueleweka vibaya.

1. Sawazisha majina kwanza

Kiswahili kina mtego hapa. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Tofauti ni herufi moja, lakini ndani yake kuna watu wengi. Bohora, Ithnaasheri na Ismailia ni Waislamu. Mgoa ni Mkatoliki, na huenda babu yake alibatizwa kabla ya babu yako. Kalasinga mwenye kilemba ni Singasinga, na ana dini yake. Wajaini nao, wenye hekalu jeupe pale Langoni, Mombasa, wana dini yao, ingawa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, wanaisherehekea pia. Ukimwambia Bohora "nyinyi mnaoabudu ng'ombe", umewakosea watu wawili kwa mpigo.

Halafu kuna neno Baniani. Asili yake ni watu wa jamii ya wafanyabiashara wa Gujarati, na zamani pwani lilikuwa jina la kawaida tu la mfanyabiashara wa Kihindu. Leo linategemea mdomo unaolitamka. Sote tumekua na ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa. Siku moja mzee wa ghorofa ya pili, ambaye Kiswahili chake cha Kariakoo ni kizuri kuliko changu, aliniuliza, "Katibu, hebu niambie, ubaya wangu ni upi? Na kiatu chenyewe ni kipi?" Nilicheka peke yangu.

Kwa hiyo muulize mtu anapenda aitweje, umwite hivyo hivyo hata akiwa hayupo. Na wenzetu Wahindu nao wajikague. Nyumba nyingi zina maneno ya Kigujarati ya kumtaja Mwafrika, yanayosemwa sebuleni kwa imani kwamba dada wa kazi hasikii. Anasikia. Amekaa hapo miaka sita, anasikia kila kitu.

2. Chuja: ni dini, au ni jambo jingine limevaa kanzu ya dini?

Karibu nusu ya kesi nilizoletewa kama za dini zilikuwa za kodi, mshahara, maji ya tangi au maegesho. Nyingine zina mizizi mirefu zaidi. Majengo mengi ya Upanga na Kisutu yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, na wengi wa waliopoteza walikuwa watu wa asili ya India. Kuna mtu anaishi kwa kupanga ndani ya nyumba iliyojengwa na baba yake, na jirani yake anaona haki hatimaye ilitendeka. Hao wawili wakigombana kuhusu kengele ya ibada ya asubuhi, usiwaletee aya wala shloka, yaani beti za maandiko ya Kihindu. Kengele haina kosa.

Mfano unaorudi kila mara ni wa jikoni. Dada wa kazi anaambiwa asiingie na chakula chake, asitumie sufuria za nyumba. Anaumia: "Wananiona mchafu." Inawezekana ni kweli, wanambagua, na hilo lisemwe waziwazi bila kulifunika kwa jina la dini. Lakini inawezekana pia kwamba nyumba ile hailiwi nyama wala yai, na kwa wafuasi wa Swaminarayan, tapo moja la Kihindu, hata kitunguu na kitunguu saumu havipikwi, kwa hiyo sufuria iliyopikiwa dagaa haiwezi kurudi jikoni. Utajuaje? Uliza swali moja: je, mgeni wao kutoka Mumbai anayekula nyama angeruhusiwa kupika humo? Akikataliwa naye, ni dini. Akiruhusiwa, mnajua mnazungumza juu ya nini.

Baada ya kuchuja, chukua karatasi upige mstari katikati. Upande mmoja andika *tusiyoelewana*, upande wa pili *tunayotofautiana*. Yasiyoeleweka huisha kwa maelezo. Tofauti haziishi. Mwislamu hatakubali kuinamia sanamu, Mkristo hatamweka Kristo kwenye orodha ya miungu, na Mhindu hataona kwa nini mlima uwe na njia moja tu ya kupandia. Kikao kinachojaribu kumaliza upande wa pili wa karatasi huvunjika kabla ya chai.

3. Uliza kama mtu asiyejua

Kosa langu katika kesi ya ndimu lilikuwa swali. Niligonga mlango nikasema, "Wenzenu wanauliza kwa nini mnaweka dawa mlangoni." Hapo nimeshahukumu. Mlango ulifungwa kwa adabu.

Mara ya pili nilimchukua mke wangu, tukakaa, tukanywa chai ya tangawizi, nikasema, "Mama, hii ndimu nimeiona kwenu, nimeiona na kwenye maduka Kariakoo. Inafanya nini?" Bibi wa nyumba akaeleza bila haraka. Lakshmi, mungu wa kike anayeleta neema, ana dada yake, Alakshmi, anayeleta nuksi. Huyu dada anapenda vikali na vichachu. Akivikuta mlangoni anakula, anashiba, anaondoka bila kuingia ndani. Basi. Ni kinga ya kijicho na nuksi.

Mke wangu ni wa Pemba. Alimtazama, akasema, "Kumbe ni husda! Na sisi tunafukiza ubani." Jioni ile wale wanawake wawili walielewana kuliko nilivyoelewana na mtu yeyote katika jengo lile. Suluhisho lilikuwa dogo hata aibu kulitaja: ndimu iliyonyauka ifungwe kwenye gazeti, iende kwenye pipa la taka, isitupwe ngazini. Imani ya mtu haikuguswa.

Kielelezo cha kuuliza ni al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu wa karne ya 11. Alijifunza Kisanskriti, akakaa na wasomi wa Kihindu, na kufikia mwaka 1030 akawa ameandika kitabu kizima juu ya India akieleza wanaamini nini kwa maneno yao wenyewe. Hakusilimu mtu humo, wala yeye hakuwa Mhindu.

Mambo utakayokutana nayo ukianza kuuliza ni haya, angalau yanayogombanisha zaidi.

*Sanamu.* Neno lao ni murti. Ikitoka kwa fundi ni jiwe au udongo tu, mpaka ifanyiwe ibada ya kuualika uwepo wa Mungu ukae humo. Katika sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, murti ya udongo huabudiwa siku kadhaa, kisha inazamishwa majini inayeyuka. Anayeizamisha haamini kwamba amemzamisha Mungu. Tena wapo Wahindu wasiotumia sanamu kabisa: Arya Samaj, tapo lililoanzishwa India mwaka 1875 na ambalo Nairobi lipo tangu 1903, wao huabudu mbele ya moto. Na mstari wa Rig Veda, maandiko yao ya kale, wanaoupenda sana husema Kweli ni moja, wenye hekima huitaja kwa majina mengi. Mwislamu akisikia yote haya bado ataiita shirki, na hiyo ni haki yake. Ila sasa anakataa kile ambacho jirani yake anakiamini kweli, si kile alichozuliwa.

*Ng'ombe.* Anaheshimiwa kama mama, kwa maziwa na kwa upole wake. Haimaanishi ndiye muumba. Na si Wahindu wote wasiokula nyama; wengi wanakula kuku na mbuzi. Usimkisie mtu sahani yake.

*Alama ya swastika.* Hii iliwahi kumtoa mtalii wa Kijerumani mbio dukani. Kwa Wahindu ni alama ya heri, ya maelfu ya miaka. Utaiona kwa rangi nyekundu kizingitini, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la hesabu ambalo wafanyabiashara wa Kigujarati hulibariki siku ya Diwali, pembeni imeandikwa *Shubh* na *Labh*, heri na faida. Chama cha Hitler kiliichukua mwaka 1920. Ya kwao mara nyingi imeinamishwa, ya Wahindu imekaa wima na mara nyingi ina nukta nne. Mwonyeshe mtoto tofauti hiyo mapema, kabla mwalimu wake wa historia hajamchanganya.

4. Kikao si mhadhara

Tuliokua Dar na Mombasa tunaijua mihadhara: spika, jukwaa, vitabu viwili mezani, na umati unaosubiri mtu aaibike. Mhadhara unahitaji mshindi. Mkikigeuza kikao chenu na jirani kuwa mhadhara, Mhindu hatakuja mara ya pili, na mimi simlaumu.

Wawe watu sita hadi wanane, wanawake wakiwemo, maana ndio wanaokutana ngazini kila siku. Vijana wawili. Viongozi wa dini wakija, waje kama wasikilizaji kwanza. Kikao cha kwanza kisifanyike msikitini, kanisani wala hekaluni. Baraza ya mtu asiye na upande inatosha, au ofisi ya serikali ya mtaa.

Salamu: usikimbilie kushika mkono. Wanawake wengi, wa Kiislamu na wa Kihindu, hawashikani mikono na mwanamume, na watawa wa Swaminarayan hawagusani wala kuzungumza na wanawake kabisa. Mama mmoja wa Kikristo alishawahi kuondoka na kinyongo kwa sababu mtawa hakumtazama, kumbe ile ni nadhiri yake. Mwambieni mtu mapema. Mikono miwili iliyokutana kifuani, au mkono wa kulia juu ya moyo, haimkosei yeyote.

Kila mmoja aeleze jambo moja la dini yake linaloeleweka vibaya, dakika tano. Halafu aliye jirani yake alirudie kwa maneno yake mwenyewe, mpaka msemaji aseme "hapo umenipata". Ni zoezi linalochosha. Watu wazima hushangaa wanavyoshindwa kulifanya. Lakini ukilikosa hili, mengine ni chai tu.

Mkianza kuambizana "haijawahi kuwezekana", kumbukeni Zanzibar. Masultani wa Kiislamu waliikodisha forodha yao kwa nyumba ya Jairam Shivji, Wahindu kutoka Kutch, India, tangu miaka ya 1830, kwa muda mrefu wa karne ile. Ushuru wa karafuu na pembe ulipita mikononi mwa mtu asiyekula nyama ya Idd. Nayo ilikuwa biashara, yenye dhambi zake za biashara na utumwa, sitaki kuipaka sukari. Ila hakuna aliyemtaka mwenzake abadili dini ndipo amwamini na hesabu. Hekalu la Hurumzi bado liko katikati ya misikiti ya Mji Mkongwe.

5. Chakula: tofautisha peremende na prasadi

Hapa wengi huumizana bila kukusudia. Prasadi ni chakula kilichotolewa kwanza mbele ya murti, kisha kikagawiwa. Kwa Mhindu ni baraka, na kukikataa ni kama kumkataa aliyekitoa. Kwa Mwislamu, tatizo si nyama, maana hakina nyama. Ni kwamba kimetolewa kwa asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na masheikh wengi hukikataza. Wakristo nao wana mjadala huo tangu Paulo alipowaandikia Wakorintho juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu.

Ukiwa Mhindu: unapopeleka Diwali kwa majirani, nunua boksi la ladu au barfi, peremende za Kihindi, lililofungwa dukani, useme mlangoni, "Hii imetoka dukani moja kwa moja, haijapita madhabahuni." Sentensi hiyo moja imeokoa urafiki mwingi. Ukiwa Mwislamu au Mkristo na umepewa prasadi: pokea kwa mkono wa kulia au miwili, ukiweza mpe mwingine anayekula, ukishindwa kupokea sema mapema na kwa upole, "Mzee, dini yangu inanizuia hiki, lakini Diwali yako nimeifurahia." Usipokee halafu ukatupa kwenye pipa la jengo. Litaonekana.

Na pilau ya Idd usimpelekee jirani bila kuuliza. Mpelekee tende, au matunda. Nyama mbichi ya kuchinja ipitishwe ngazi ya nyuma, ndani ya kitu kilichofunikwa.

6. Kalenda na kelele

Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Sikukuu za Wahindu hufuata mwezi lakini zinarekebishwa na jua, kwa hiyo hubaki katika msimu wake: Holi mwezi Machi, Navaratri Septemba au Oktoba, Diwali Oktoba au Novemba. Matokeo yake zinagongana kwa vipindi. Diwali ya 2004 iliangukia siku za mwisho za Ramadhani. Holi ya 2025 iliangukia tarehe 14 Machi, siku ya Ijumaa, ndani ya Ramadhani: rangi na maji mitaani saa ambayo wengine wana kanzu nyeupe wanakwenda msikitini.

Basi kaeni mwezi mmoja kabla, si siku ya tukio. Andikeni kwa tarehe na saa. Kwetu tulikubaliana hivi: ngoma ya garba katika usiku tisa za Navaratri inazimwa saa nne na nusu, fataki za Diwali ni uwanjani tu, si kwenye veranda, na si wakati wa adhana, spika ya mkesha wa kanisa nayo ina saa yake, maana haki haiwezi kuwa ya upande mmoja. Karatasi ilibandikwa karibu na mita za umeme, kila mpangaji akaisaini. Kenya wameliweka hili hadi kwenye sheria: Diwali ni sikukuu ya mapumziko kwa waumini wa Kihindu. Kwetu tuna karatasi ya kwenye mita, inafanya kazi yake.

7. Video za India zibaki India

Kundi la WhatsApp la jengo liliwahi kunipa tabu kuliko ndimu zote. Msikiti wa Ayodhya, India, ulibomolewa na umati wa Wahindu tarehe 6 Desemba 1992, na hekalu lililojengwa pale likazinduliwa tarehe 22 Januari 2024. Wiki ile mtu akatuma video, mwingine akajibu kwa video ya Wahindu kushambuliwa kwingineko, na kesho yake watoto hawachezi pamoja.

Usiwaambie watu wasiumie. Mwislamu ana haki ya kuumia kwa ajili ya Ayodhya, na Mhindu kwa ajili ya ndugu zake popote. Lakini mzee wa ghorofa ya pili, aliyezaliwa Hospitali ya Ocean Road, hakubomoa chochote. Weka sharti la kundi: hakuna video ya vurugu bila kujua imetoka wapi na lini, na hakuna kumwekea jirani swali la "nyinyi mmefanya nini". Mwenye dukuduku aje barazani aseme kwa mdomo. Anayetukana dini ya mwenzake kwa makusudi, aelezwe kwamba Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 129, inalitambua kosa hilo. Nimekitaja kifungu hicho mara moja tu, kwa kijana mmoja, na nilijuta kidogo; mama yake angemaliza kazi haraka zaidi.

8. Msiba

Majirani wengi hukwama hapa: "Tutaendaje kwenye kuchoma mtu?" Kwa Mhindu, moto huurudisha mwili kwenye asili yake na kuiachia roho safari yake. Majivu hupelekwa majini. Baadhi ya majivu ya Gandhi yalimwagwa Jinja, chanzo cha Nile, mwaka 1948. Watoto wachanga na watawa, kwa kawaida, huzikwa. Kanisa Katoliki lenyewe limeruhusu kuchoma maiti tangu 1963, na Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, kwa wosia wake.

Kuhudhuria si kuabudu. Unaweza kukaa nyumbani kwa wafiwa, unaweza kusindikiza mpaka langoni ukaishia hapo, na hakuna atakayekuhesabia. Vaa nyeupe au rangi tulivu, si nyeusi tupu. Vua viatu. Usipeleke chakula chenye nyama. Mara nyingi jiko la wafiwa halijawashwa, kwa hiyo wali mtupu, dengu na chai ya maziwa ni msaada mkubwa, ila uliza kwanza kama wanapokea kilichopikwa nje. Sema "poleni", kaa kimya, usieleze dini yako inasemaje juu ya kifo. Wakirudi kutoka mahali pa kuchomea maiti wataoga kabla ya kugusa kitu. Ukikuta ndoo ya maji imewekwa nje ya mlango, isogeze pembeni tu, usiimwage.